Kiyoyozi Kikubwa cha Sista Nambozo

Siku za likizo Sheryl aliamka mapema, akachemsha chai ya baba yake, kisha akaenda kufagia karakana kabla malori ya Kenya hayajaanza kurusha vumbi. Karakana yao ilikuwa Bugembe, kando ya barabara kuu inayotoka Jinja kwenda Iganga. Ndani yake kulikuwa na friji zisizo na milango, feni zisizo na mabawa, na viyoyozi vilivyofunguliwa matumbo.

Sheryl alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita huko Mpumudde. Hesabu alizipenda kuliko masomo mengine yote. Kazi yake pale karakanani ilikuwa kusoma kibandiko cha kila mashine iliyoletwa na kuandika namba zake daftarini. Baba yake, fundi Okoth, alikuwa amemfundisha namba moja iliyo muhimu kuliko zote: ile iliyoandikwa BTU.

"Hiyo ni namba ya uwezo wa kiyoyozi," alimwambia. "Inakuonyesha mashine inaweza kutoa joto kiasi gani chumbani kwa saa moja. Chumba kikubwa, namba kubwa. Chumba kidogo, namba ndogo."

Okoth alifanya kazi na mzee mmoja aliyeitwa Mahad. Zamani Mzee Mahad alikuwa akikunja mabati katika karakana ya jeshi huko Kimaka. Hakuwa askari hata siku moja, lakini Okoth alipenda kumtania.

"Afande, leo umechelewa. Nikufungie gerezani?"

"Nifunge, bwana," Mahad alijibu. "Ila gereza liwe na chai."

Mahad hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipomwona Sheryl ameketi kwenye sakafu ya saruji akiandika, alikata kipande cha boksi, akamtandikia, akarudi kwenye mabati yake.

Siku moja Okoth alipata kazi kubwa. Muuguzi mmoja mstaafu, Sista Nambozo, alikuwa amefungua zahanati ya akina mama nje kidogo ya mji wa Mbale. Zahanati hiyo ilikuwa na vyumba sita: chumba kimoja kikubwa cha mapokezi, na vidogo vitano, kikiwemo chumba cha kujifungulia na stoo ya dawa. Sista hakutaka kiyoyozi katika kila chumba. Alitaka mashine moja kubwa nyuma ya nyumba, ipeleke hewa baridi vyumba vyote kwa mifereji ya bati itakayopita juu ya dari.

Okoth alikuwa hajawahi kufunga mtambo wa namna hiyo kwa jina lake mwenyewe. "Nikiifanya hii vizuri," alisema, "watu wa Mbale wote watanijua. Nikiiharibu, watanijua pia."

Wakaenda Mbale kupima, Okoth na Sheryl. Walipofika, Okoth alimpa binti yake tepu ya kupimia na daftari.

"Wewe ndiye mtu wa hesabu. Pima urefu na upana wa kila chumba kwa futi. Mimi napanda darini na Sista, tuone mifereji itapita wapi."

Sheryl alijiona mkubwa. Akaanza na mapokezi. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa akingoja zamu yake alimshikia ncha ya tepu bila kuombwa, ingawa kuinama kulimsumbua. Futi ishirini kwa kumi na nane. Sheryl akaandika.

Sasa tepu ile ilikuwa na springi. Ukiiachilia, ilirudi ndani yake yenyewe kwa kasi na kulia *krrrap!* Sheryl alipenda mlio huo. Akaivuta yote, akaiachilia. *Krrrap!* Akaivuta tena, akaiachilia. Mara ya tatu ilirudi nusu tu, ikakwama. Akatikisa, akasikia kitu kikicheza ndani. Springi ilikuwa imetoka.

Mara ngapi baba yake alikuwa amesema kwamba kifaa cha kupimia si kitu cha kuchezea! Akatazama juu darini. Alisikia sauti ya baba yake akicheka na Sista. Angemwita, angelazimika kueleza.

Ndipo akakumbuka jinsi madalali wa Bugembe walivyogawa nafasi za vibanda kando ya barabara. Hawakubeba tepu. Waliweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, wakatembea hivyo mpaka mwisho huku wakihesabu kwa sauti: futi moja, futi mbili, futi tatu. Watu walikubali, na vibanda vikajengwa.

Sheryl akaingia chumba cha pili, akaweka kisigino ukutani. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Futi kumi na sita. Upande wa pili, kumi na sita. Vyumba vyote vidogo vilikuwa sawa. Akaandika "16 kwa 16" mara tano, kwa mwandiko mzuri. Tepu akaizungusha kwa mkono mpaka ikaingia, akaificha chini kabisa ya mfuko wa vifaa.

Okoth aliposhuka, alikuwa akitazama simu. "Vyote umevipima kwa tepu?"

"Ndiyo, Baba."

"Vizuri." Akalichukua daftari bila kuingia hata chumba kimoja.

Wakakaa mezani na Sista Nambozo kupiga hesabu. Mapokezi yalitoa futi za mraba mia tatu na sitini. Vile vyumba vidogo, kila kimoja mia mbili hamsini na sita. Jumla ikawa elfu moja mia sita na arobaini. Kwa kuwa paa lilikuwa la bati na jua la mchana lilipiga ukuta wa magharibi, Okoth alikadiria BTU thelathini kwa kila futi ya mraba. Ikatoka elfu arobaini na tisa na mia mbili.

"Mashine zinauzwa kwa saizi," alieleza. "Kuna ya elfu thelathini na sita, kuna ya elfu arobaini na nane, kuna ya elfu sitini. Hii ya arobaini na nane imekosa kidogo tu."

"Weka ile ya sitini, bwana," Sista alisema. "Akina mama wakijifungua hutoka jasho jingi. Kubwa haina hasara."

"Sawa. Nami nitakutafutia yenye namba kubwa ya ufanisi, ili isile umeme mwingi."

Basi mashine ikaja, na Mahad akakunja mifereji kwa wiki nzima. Siku ya kuiunganisha alisimama nyuma ya nyumba, akaitazama mashine, akaitazama nyumba, akajikuna kichwa.

"Okoth, mimi naona kama mashine hii ni kubwa kwa nyumba hii."

"Afande, bati ni lako, hesabu ni zangu," Okoth akacheka. Akamfungulia daftari. "Tazama. Mwanangu amepima chumba kwa chumba."

Mahad akayatazama yale maandishi mazuri. "Kama mtoto amepima, basi," akasema.

Mashine ikawashwa. Kwa dakika chache nyumba nzima ikawa baridi kama asubuhi ya mlimani. Sista Nambozo alipiga makofi, akawapa wote matooke na malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga. Wote watatu wakarudi Jinja wakiwa na furaha, na Sheryl akausahau ule uongo wake.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi Sista alipiga simu. Mashine ilikuwa ikiwaka dakika nne, inazima, dakika tano baadaye inawaka tena, hivyo hivyo mchana kutwa. Akina mama walitetemeka, kisha wakatoka jasho, kisha wakatetemeka tena. Hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu, kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka.

Okoth na Mahad wakaenda. Wakasafisha bomba la kutolea maji, wakabadilisha swichi ya kupimia joto. Wakarudi.

Baada ya siku tatu simu ililia tena, Okoth akiwa bado anatafuna tonge. "Bwana Okoth, matone ya maji yanaanguka kutoka kwenye matundu ya hewa! Na yuniti za umeme ulizosema zitatosha mwezi mzima, zimeisha kwa siku kumi. Ulisema mashine hii ina ufanisi!"

"Ina ufanisi, Sista. Karatasi yake inasema kumi na sita."

"Karatasi hainiwekei umeme kwenye mita!"

Wakaenda mara ya pili. Mahad alipanda darini kwenye joto, akakagua kila kiungo cha mfereji, akavizungushia vyote utepe mpya. Aliposhuka shati lake lililoa kama amenyeshewa. Lakini haikusaidia.

Okoth akaacha kutania. Jioni alikaa mbele ya daftari, akijumlisha zile zile namba, akipata jibu lile lile. "Mashine inafanya kama mashine iliyo kubwa mno," alisema peke yake. "Lakini si kubwa mno. Hesabu zinakataa!" Akalisukuma daftari. Sheryl, aliyekuwa akiosha vikombe, aliacha kuviosha. Je, ile njia ya madalali ilikuwa na kosa? Hapana, akajiambia, hata watu wazima hupima hivyo.

"Baba," alianza.

"Si sasa, Sheryl. Kichwa kinaniuma."

Naye akashukuru kukatazwa, jambo ambalo halikumpendeza yeye mwenyewe.

Alhamisi Sista alipiga simu mara ya tatu, na safari hii hakufoka. Sauti yake ilikuwa imechoka. Maboksi ya dawa yalikuwa yamevimba, pamba na bandeji zilikuwa na unyevu, na ukungu ulikuwa umeanza kuota kwenye pembe ya stoo. Jumatatu wakaguzi wa dawa wangefika. Wakikuta stoo katika hali hiyo, wangeifunga, na zahanati isiyo na dawa haiwezi kupokea mama wa kujifungua.

"Nina akina mama kumi na mmoja wa mwezi huu," alisema. "Niwaambie waende wapi?"

Okoth akapakia vifaa kwenye pikapu pamoja na Mahad. Akamchukua Sheryl pia, kwa kuwa maji ya kupangusa yalikuwa mengi.

Huko Mbale Sheryl alipewa ndoo na tambara, akaingia stoo ya dawa. Alisogeza maboksi mbali na ukuta, akapangusa. Akataka kujua kama rafu ingeweza kusogezwa kutoka chini ya tundu la hewa. Akaenda kwenye mfuko wa vifaa kutafuta kitu cha kupimia, akakuta tepu ile ile. Akaivuta kwa woga. Ikatoka vizuri. Akaiachilia taratibu. Ikarudi.

Mahad alikuwa mlangoni, amebeba ngazi. "Nilikuta springi imetoka," alisema. "Nikairudisha. Vifaa huharibika, mwanangu."

Hakuuliza nani aliyeiharibu. Akaenda zake na ngazi.

Sheryl akaweka tepu ukutani, akaivuta mpaka ukuta wa pili. Akasoma. Akafuta macho, akasoma tena. Futi kumi na mbili.

Haiwezekani! Chumba hiki alikiandika kumi na sita. Akapima upande wa pili. Kumi na mbili. Akavua ndala, akaweka mguu wake kando ya tepu, na hata alipoongeza urefu wa ndala haukufika futi moja. Ulikuwa inchi tisa tu, na futi ni inchi kumi na mbili. Madalali wa Bugembe walikuwa wanaume wazima wenye viatu vikubwa. Yeye alikuwa na miguu ya mtoto. Kila alipohesabu futi nne, chumba kilikuwa na tatu tu.

Akapiga hesabu palepale, kwa kidole, kwenye vumbi la boksi. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja arobaini na nne. Yeye alikuwa ameandika mia mbili hamsini na sita. Na vyumba vyenyewe ni vitano.

Wakati huo huo sauti ya baba yake ikasikika koridoni. Ilikuwa kali.

"Ni viungo vyako, Mahad! Hewa ya darini inaingia kwenye mfereji. Hakuna kingine kilichobaki."

"Nimevikagua mara tatu, Okoth. Viungo ni vizima."

"Basi maji yanatoka wapi? Hesabu ni sawa, mashine ni mpya, bomba ni safi. Nimechoka. Chukua vitu vyako. Nitatafuta mtu mwingine wa bati."

Kisha Sheryl akamsikia Mahad akisema kwa upole, "Miaka tisa, bwana."

"Najua ni miaka tisa."

Sheryl alimwona Mahad akipita mlangoni, akikusanya nyundo na makasi yake ya bati na kuyafunga ndani ya gunia. Kabla ya kutoka, aliishusha ngazi aliyokuwa ameiegemeza ukutani na kuilaza chini, isije ikamwangukia mama yeyote.

Sheryl alisimama na tepu mkononi. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Hata Mahad, aliyeijua tepu, hakujua habari ya miguu. Akatoka nje, akapita mbele ya Mahad, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, usimfukuze Mzee Mahad. Kosa ni langu."

"Sheryl, nimekwambia..."

"Vyumba si kumi na sita! Ni kumi na mbili. Niliivunja tepu kwa kuichezea, nikaogopa. Nikapima kwa miguu, kama madalali. Uliponiuliza nikadanganya." Akaanza kulia. "Ni chumba cha mapokezi peke yake nilichopima kwa tepu."

Okoth alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Uso wake ukabadilika mara kadhaa. Akaichukua tepu mkononi mwake, akaingia stoo, akapima. Akaingia chumba cha kujifungulia, akapima. Aliingia vyote vitano. Vilikuwa vyumba alivyopaswa kuvipima mwenyewe mwezi mmoja uliopita. Aliporudi, aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaandika juu ya paja lake.

"Mia tatu sitini, na mia saba ishirini," alisema polepole. "Elfu moja na themanini. Mara thelathini... elfu thelathini na mbili na mia nne. Mashine ya elfu thelathini na sita ingetosha kabisa." Akafunga daftari. "Nimefunga ya elfu sitini."

"Nitapigwa?" Sheryl aliuliza.

Okoth alikuwa akimtazama Mahad, aliyesimama uani na gunia begani. Ilionekana wazi kwamba kuinuka kutoka kwenye benchi lile kulikuwa kugumu kwake. Alikaa, akakaa. Kisha akainuka.

"Mzee Mahad," alisema, na hakumwita afande. "Uliniambia siku ya kwanza kwamba mashine ni kubwa. Nikakufungia mdomo kwa daftari. Leo nimekutukana mbele ya watu kwa kosa ambalo si lako. Nisamehe."

Mahad alishusha gunia. "Nilikuambia, bwana," alisema, "lakini na mimi niliamini daftari." Akamgeukia Sheryl. "Ulinisikia nikifukuzwa, ndipo ukasema?"

"Ndiyo, Mzee."

"Imenichoma," alisema kwa uwazi. "Sitakuficha. Lakini umesema."

Kisha wote watatu wakaenda kwa Sista Nambozo, na Okoth akamweleza yote bila kupunguza.

"Ngoja nielewe," Sista alisema, akiwa amekunja mikono. "Mashine ina nguvu kuliko nyumba. Mbona basi nyumba ina unyevu? Si ingekauka zaidi?"

"Hapana, Sista. Kiyoyozi kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha. Hewa ikipita kwenye koili, yale mabomba baridi ya ndani, mvuke wake hugeuka maji, na maji hutoka nje kwa bomba. Kazi hiyo inataka muda. Mashine kubwa mno hupoza hewa upesi, ikaridhika, ikazima kabla haijakausha. Dakika tano joto limerudi, inawaka tena. Baridi inapatikana, lakini unyevu unabaki."

"Na umeme? Ile kumi na sita yako?"

Okoth akainamisha kichwa. "Ile namba ya ufanisi ni ya kweli, lakini ni ya mashine inayotembea bila kukatizwa. Fikiria trela la barabarani. Likishachanganya mwendo kwenda Iganga, mafuta linakunywa kiasi. Lakini ukilisimamisha kila hatua mia moja na kuliondosha tena, litamaliza tangi kabla ya kufika. Mashine yako inasimama na kuondoka mchana kutwa."

Sista akatikisa kichwa. "Na mimi ndiye niliyesema kubwa haina hasara," alisema. "Mimi! Muuguzi kwa miaka thelathini na moja! Mtoto wa kilo kumi simpi dawa ya mtu mzima nikidhani atapona haraka. Haya. Jumatatu inakuja. Mtafanya nini?"

Walichofanya kilikuwa kigumu. Sista alihamishia dawa zake katika chumba kimoja kikavu cha nyumbani kwake, akazilinda kwa feni. Okoth na Mahad waliifungua mashine nyuma ya nyumba, wakaipakia, wakairudisha Jinja. Sheryl aliisugua kila kibandiko na kila ubavu mpaka mikono ikamuuma, kwa sababu muuza mitambo, bwana Asadu, alikubali kuibadilisha kwa sharti moja: iwe safi na isikose bolti hata moja. Bahati ilikuwa upande wao. Asadu alikuwa na mteja wa ukumbi mmoja mkubwa uliohitaji mashine ya elfu sitini.

Katika duka la Asadu palikuwa na mashine mbili zilizolingana umbo. Okoth akamsukuma Sheryl mbele taratibu.

"Soma. Namba zote mbili, si moja."

Sheryl akapiga magoti. "Hii, uwezo elfu thelathini na sita, ufanisi kumi. Ile, uwezo elfu thelathini na sita, ufanisi kumi na sita."

"Ipi itatoa baridi zaidi?"

Sheryl alikaribia kusema ile ya kumi na sita, akajizuia, akafikiri. "Baridi ni sawa. Uwezo wa zote mbili ni mmoja."

"Basi ufanisi ni wa nini?"

"Ni umeme zinaokula." Akagawanya uwezo kwa ufanisi kichwani, midomo ikicheza. "Ya kwanza inakula wati elfu tatu na mia sita. Ya pili elfu mbili mia mbili na hamsini, kwa kazi ile ile. Ni kama majiko mawili yanayochemsha sufuria moja. Ukubwa wa sufuria ni uwezo. Ukiichemsha kwa makaa machache, huo ndio ufanisi."

Asadu akacheka. "Huyu nimwajiri?"

"Bado yuko kwenye adhabu," Okoth akasema. Lakini akaweka mkono wake begani mwa Sheryl, na hakuuondoa upesi.

Adhabu yenyewe ilikuwa hii: hadi shule ifunguliwe, Sheryl angekuwa chini ya Mzee Mahad, akishika bati, akibeba maji, akifanya kila alichoambiwa. Okoth naye akajiwekea sharti, kwamba hataagiza mashine kabla ya kuingia kila chumba kwa miguu yake mwenyewe na kupima mara ya pili.

Jumapili alasiri mashine mpya iliwashwa. Haikuleta baridi ya ghafla. Iliunguruma polepole, ikaendelea, na bomba la nyuma likaanza kudondosha maji, tone baada ya tone, kisha uzi mwembamba usiokatika. Mahad aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akayatazama maji hayo kwa zaidi ya saa nzima.

"Yanatoka," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Sheryl kumwona akitabasamu tangu Alhamisi.

Usiku Sista akarudisha dawa zake stooni, na Jumatatu asubuhi wakaguzi walifika. Walishika kuta, wakasoma kipimo cha joto stooni, wakafungua maboksi. Mmoja aliuliza kuhusu alama ya ukungu kwenye pembe. Sista Nambozo hakuficha. Alisema mashine ya kwanza ilikuwa kubwa mno, imebadilishwa jana, na ile pembe itapakwa rangi wiki hiyo. Akawaonyesha maboksi mawili aliyoyatenga kwa kuharibika. Mkaguzi akaandika, akagonga muhuri, akaondoka.

Sista alipumua kwa nguvu kama aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akamwita Sheryl ndani, Okoth na Mahad wakisimama mlangoni. Juu ya meza palikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga.

"Wewe unapenda hesabu," alisema. "Nikikuambia mtoto fulani ana kilo tatu, utaniamini?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa nini? Kwa sababu namba huonekana safi. Haina uso wa kuona haya. Siku moja, zamani, mizani yangu iliharibika. Niliandika kwenye kadi, 'Mizani mbovu, uzito haujulikani.' Niliona aibu. Lakini daktari aliposoma, alijua afanye nini. Akatafuta mizani nyingine, na mtoto akapata dawa inayomfaa. Kama ningeandika namba nzuri ya kubuni, angeiamini, na mtoto yule angeumia." Akamwinua kidevu. "Ukikosea, sema umekosea. Ukikisia, sema umekisia. Tepu ikivunjika, sema imevunjika. Uongo wako ulikuwa neno moja tu kwa baba yako. Angalia ulikofika: kwa Mzee Mahad, kwa akina mama wangu kumi na mmoja. Kiyoyozi, dawa, hata ujenzi wa nyumba, vyote vinasimama juu ya namba. Na namba inasimama juu ya mtu anayesema kweli. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Vizuri. Sasa tokeni wote," alisema, akivaa aproni yake. "Hapo nje kuna mama anayehitaji chumba hiki kuliko ninyi."